Nusu Inchi

Nimekuja na futi, penseli sikioni,
kupima picha ya watu wawili niitilie fremu.
Kamwokya, ghorofa ya pili, juu ya duka la spea;
ngazi zinanuka tapentaini na chapati.

Upana: futi tano na inchi tatu.
Kimo: futi nne kasoro kidogo,
maana gome la mutuba halipendi pembe mraba.
Lilipigwa nyundo huko Masaka,
likalainika, lakini ukaidi wa mti haukutoka.

Kushoto ni Nabukeera, kachorwa na Opolot.
Kulia ni Opolot, kachorwa na Nabukeera.
Kila mmoja ameshika brashi ya mwenzake.
Hilo nililiona baadaye,
nikiwa nimepiga magoti natafuta msumari.

Midomo hawakuichora.
Mimi seremala, sina haya, nikauliza:
hawa wanazungumza kwa nini?
Nabukeera akanionyesha katikati,
gome tupu, rangi ya chai iliyozidi majani,
na kiraka kimoja, kimeshonwa kwa uzi mweusi.
"Hapo," akasema. "Tulipaka mara saba,
mara saba tukakwangua.
Ya nne ilikuwa nzuri.
Ya nne ndiyo tuliyoitoboa."
Opolot kimya,
anafuta kisu kilichokwisha kuwa safi.

Basi nikawaambia ukweli wa kazi yangu:
fremu hula.
Hula nusu inchi kila upande.
Na kiwiko hiki cha Opolot, kilivyobana ukingoni,
kitaliwa.

Lo! Ningejua, ningeumauma msumari nikanyamaza.

"Kiliwe," Nabukeera akasema.
"Nani asiyejua kwamba mkono hauishii pale?"
"Macho yangu umeyapeleka dirishani," Opolot akasema,
"masikio umeyafunika kofia.
Kiwiko ndicho pekee kinachokusikiliza."

Kutoka kiwiko wakahamia mkebe wa rangi nyeupe,
deni la mwaka juzi.
Kutoka deni wakafika Kumi, kwenye matanga ya shangazi,
ambapo Nabukeera alicheza ngoma kabla ya wenye msiba.
Kisha kama vumbi la mtaa huu ni jekundu kweli
au ni macho yetu tu yamechoka.
Chai ikaja, vikombe viwili; wakanipa kimoja,
wakagawana kile kingine bila kutazamana,
mkono ukikuta mkono.

Walianza kwa Kiganda, wakarukia Kiteso cha kutaniana,
wakatua kwenye Kiswahili,
lugha ambayo baba yake Opolot
aliisikia kwenye vizuizi vya barabara,
mtutu ukiwa kifuani,
akaapa haitatamkwa mezani kwake.
Mimi ni wa Bombo.
Lugha hii nimeila na kisra nikiwa sijaota meno.
Nimezoea watu wanikate jicho nikiifungua sokoni.
Siku ile nikaisikia ikidaiana mkebe wa rangi,
ikibishania kiwiko,
ikicheka hadi ikapaliwa.
Nikainamia futi yangu, nikajifanya napima tena.

Umeme ukakatika. Hawakutambua.
Gizani picha ilibaki na kitu kimoja tu cha kuonekana,
lile gome la katikati, lililokuwa likiazima
mwanga wa taa za pikipiki kule chini.
Sauti zao sikuweza tena kujua
ipi inatoka kwenye benchi, ipi ukutani.
Nikasema kwaheri. Labda waliitika.

Hii ni wiki ya tatu.
Mbao tatu za mvule nimekata, nimepiga msasa,
zinateleza kama shavu la mtoto.
Ya nne, ya upande wa kiwiko,
imeegemea ukuta wa karakana, inakusanya vumbi,
jekundu au la, sijui, waulizeni wenyewe.
Nikipiga simu, anapokea mmoja,
na yule mwingine anajibu kwa nyuma:
"Mwambie angoje kidogo.
Hatujamaliza."