Ishirini ya Bure

Gari la baba halikuwahi kusimama.
Hata usiku bandani, injini imepoa,
kuku wamelala juu ya paa lake la mgongo wa kobe,
mshale wa spidomita ulionyesha ishirini.
"Farasi huyu," Belmiro alisema, "akilala anaota njia."
Tukacheka, watoto watatu wa Curvelo,
tukajibana nyuma, magoti kidevuni,
kwenda Diamantina kwa bibi.

Mia! alipaza sauti mteremkoni.
Mia na tano!
Na malori ya mkaa yalitupita kwa honi,
na mtu wa pikipiki, kapakata mbuzi,
akatupungia mkono, akapotea mbele.
Baba alisema madereva wa siku hizi hawana adabu.
Mama alitazama dirishani,
kucha zake nyekundu zikigonga kifungo cha mkoba
polepole, kama mtu ahesabuye chenji
na kuikuta sawa.

Sasa gari ni langu: la mwaka sabini na mbili,
samawati, kutu milangoni.
Nilibandika simu kwenye dashibodi, nikashika barabara iliyonyooka.
Simu ilisema sitini, mshale ukasema themanini.
Nikapunguza: simu arobaini, mshale sitini.
Uongo wenye nidhamu. Hauzidi, haupungui.

Nililaumu matairi; nikayapima kwa utepe,
yalikuwa saizi ileile ya kitabu.
Nikalaumu kebo; nikalala chini
penye gurudumu la mbele la kushoto,
pale kebo ipitapo katikati ya kitovu
ikashikwa na pini ndogo kama ya nywele.
Nzima. Ina grisi. Haina hatia.
Cunha wa duka la vipuri akasema nunua mpya,
zatoka São Paulo, zinang'aa, wiki mbili tu.
Nikampa arbuni.
Kesho yake nikarudi kuidai, nikiona haya.

Shigueo Uehara ni fundi saa.
Alifungua pete ya bati
kama amenyaye yai la kware.
Sumaku, nzima. Kikombe kinazunguka.
Springi, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga,
haijachoka.
"Hii haijaharibika," akasema. "Imeshawishiwa."
Akanipa lenzi.

Mshale uling'olewa siku moja, ukasogezwa, ukarudishwa.
Na pale ulipochubuka rangi ya kiwandani
mtu aliziba kwa nyekundu,
nyekundu yenye chembe za kumeta.
Naijua chupa yake.
Ilikaa dirishani mwa bafu, kifuniko kimepasuka.

Zulmira, asiyejua kuendesha.
Zulmira, ambaye kaka yake aliishia kwenye kona ya daraja
kabla yetu kuzaliwa,
na ambaye hakuwahi kumwambia mumewe: punguza.
Usiku gani, mama?
Kwa bisibisi ya cherehani?
Ukimsikiliza nani akikoroma?

"Niifute?" fundi aliuliza, pamba mkononi.
Nikamwambia sogeza mshale. Rangi iache.

Jumapili nikamchukua baba kwa dada yangu.
Miaka themanini na saba, kofia, fimbo,
harufu ya tumbaku aliyoacha zamani.
Akaketi, akafunga mkanda, akaangalia.
Mshale ulikuwa juu ya sifuri, umetulia.
"Limekufa?" akauliza.
Nikawasha.

Mteremkoni tulikwenda sitini ya kweli,
upepo uleule, vichuguu vilevile, mlio uleule wa injini
uliokuwa ukitulaza mimi na kaka zangu.
Baba alikunja uso.
"Sitini tu," akasema.
"Enzi za mama yako, hapa tulifika themanini."

Lori la mkaa likatupita.
Nami nikatazama dirishani.