Dereva Hakupatikana

Kompyuta inaniambia: Dereva hakupatikana.
Mimi! Miaka thelathini na moja
nyuma ya usukani, basi la Tartu kwenda Võru,
theluji hadi kwenye taa,
sikukosekana hata siku moja.

Nachomoa kidude, kidogo kama ukucha wa gumba,
nakipuliza kama plagi za zamani,
nakipachika tundu la nyuma.
Taa ya buluu inakonyeza. Inazimika.
Nazima mashine, nawasha. Birika limechemka mara mbili.

Mjukuu wangu Kaarel, kwenye simu:
“Babu, futa kwanza vifaa vya zamani.
Orodha imejaa.”

Orodha ina jina moja.
Vipokea sauti vya Leida.
Vimeoanishwa, inasema. Ni kweli,
mwaka sabini na tatu, mbele ya msajili.
Na chini, kwa herufi ndogo:
Haviko karibu.

“Umefuta?”
“Nimefuta,” nasema, nakata simu.

Vipya alivyoninunulia vimebaki kwenye boksi.
Napekua droo ya sindano zake za kufumia,
chaja imejiviringisha kwenye uzi wa kijani.
Saa nne na robo taa inakonyeza, inatulia.

Vinanibana masikio.
Leida alikuwa na kichwa kidogo.