Kivuli cha Saa Kumi

Kabla ya tofali, kabla ya mfuko wa saruji,
Argiro alisimika mpini wa fagio katikati ya uwanja,
akaweka kokoto kila saa pale kivuli kilipoishia.
Watu wa Krete hawaoni haya kuuliza:
"Manuso, mkeo anapanda nini? Mifagio?"
Nikacheka nao. Sikujua.
Hadi magharibi kokoto zilikuwa kumi na tatu,
zimepinda kama ubavu wa mbuzi,
naye akagusa ile ya saa kumi:
"Hapa ndipo jua linapotuua. Basi hapa ndipo baraza."

Miaka thelathini na mmoja amepika ndani,
kwenye jiko lenye dirisha moja la kiganja
linalotazama ukuta wa zizi.
Wageni wetu wamemzoea kisogo.
Wamekula kondoo wake, wamelamba vidole,
wakamsifu mwenye nyumba,
yaani mimi,
niliyekuwa nimefungua chupa.

Akaja Besnik, mwashi wa Kialbania, viganja msasa mtupu.
Hakutaka mchoro. Aliwasha gazeti la juzi
akalitembeza uwanjani kama mtu anayetafuta paka usiku.
Pembe ya mashariki: moshi ukaingia chumbani kwa mama.
Kando ya kisima: ukaruka ua,
ukatua kwenye shuka za Kalirroi, nyeupe pe pe pe,
na Kalirroi akatoka na maneno yasiyoandikika.
Chini ya mzeituni: "Hapana," akasema Besnik,
"huu umezizidi umri bendera zetu zote mbili. Usiufukize."
Mwisho, penye ukuta wa mawe,
mgongo kwa ule upepo wa kaskazini
ambao Agosti huziotesha meza miguu,
moshi ukapanda wima,
ukaenda zake bila kuaga.

Tukabishana juu ya kimo.
Mimi nilitaka jiko refu, lionekane barabarani.
Argiro akakunja mkono:
"Pima kiwiko changu, si macho ya watu."
Besnik akachora mstari kwa mkaa, penye kiwiko.
Sikuombwa rai tena.

Chini ya sakafu ya tanuri, ili joto lisitoroke,
huwekwa mchanga, chumvi, na vioo vilivyopondwa.
Chupa zangu za miaka yote zikatoka nyuma ya ghala.
Argiro alizivunja mwenyewe, moja moja, kwa nyundo,
na sitasema alikuwa na haraka.

Nguzo nne za mberoshi. Juu yake matete,
tuliyoyakata bondeni na kuyafunga kwa waya.
Meza ni mlango wa zizi, tumeulaza tu;
tundu la ufunguo limeangukia mahali pangu,
na mafuta ya zeituni hupita humo
hadi kwenye goti langu la kushoto.

Siku tatu za moto mdogo, wa vijiti,
maana tanuri jipya likiharakishwa hupasuka.
Jumapili ndipo tukala.
Mkate uliungua shavu moja.
Bilingani zilinyong'onyea vizuri, pweza alibaki mbishi.
Lakini alisimama pale, uso kwetu,
uma mkononi, jasho kipajini,
na kichekesho kilipotolewa alicheka papo hapo,
si baadaye, si baada ya kusimuliwa kupitia ukutani.
Binamu yangu Stratis, mla Pasaka zetu zote,
akaacha kutafuna:
"Argiro! Kumbe una mwanya!"

Nami nikainama kufuta goti,
nikafuta kwa muda mrefu kuliko mafuta yalivyohitaji.

Mzabibu ameupanda kwenye nguzo ya magharibi.
Una majani manne. Besnik anasema miaka mitatu,
labda minne, ndipo tuyavue matete.
Leo saa kumi nimeutazama:
kivuli chake hakizidi kisahani cha kahawa,
na paka ameshawahi kuingiza sikio moja.
Nikaokota kokoto,
nikaiweka pale kinapoishia.