Mkondo, Mmoja

Ndimi niliyeipiga muhuri barua ile,
ghorofa ya pili, Barabara ya Nkrumah,
feni ikizunguka kama iliyolazimishwa.
Dhamana: shilingi milioni sita,
kufukia shimo la kokoto, Mwakirunge,
kupanda miti, kurudisha mkondo, mmoja.
Ndivyo fomu ilivyosema: mkondo, mmoja.
Nafasi ya jina haikuwepo.

Jina lake Kwa Nyevu.
Mama alirowekea muhogo pale,
akaniweka niulinde na kima,
mimi nikalala, wao wakala.

Sasa kampuni imefunga lango,
imeacha tingatinga lisilo na magurudumu
na maji ya kijani yasiyokwenda popote.
Leo shangazi Mbodze kaja kaunta,
miguu myeupe kwa vumbi la matumbawe,
kayaleta maji hayo ndani ya chupa ya soda.
"Haya, mdhamini," akasema, "onja."

Nikafungua faili.
Dhamana ilikwisha muda Machi.
Hakuna aliyeidai: si wizara, si kaunti,
si mimi niliyeijua tarehe.
Na chini, saini yangu ya bluu,
niliyokuwa nikijivunia mkia wake mrefu,
unavyopinda, unavyopinda tena,
kisha unaishia pembezoni mwa karatasi.

Sikuonja.
Nilichukua karatasi tupu
nikaandika juu kabisa jina la kijito,
kalamu ikasimama: nimwandikie nani?

Shangazi akavuta kiti.
"Dawa ya deni," akasema,
akaniachia nimalizie.