Mizani Moja

Wiki nzima tulipaka chokaa mawe ya njiani,
mawe ambayo mwaka mzima hakuna aliyeyaona.
Kwa ajili ya miaka arubaini ya shule
Bi. Zuena alitaka hata mwarobaini uvae soksi nyeupe.

Hema likaja
na harufu ya harusi ya watu wengine,
pilau iliyokwisha kuliwa Majengo juzi.
Darasa la sita wakavutana kamba na la saba
hadi kamba ikachoka, ikakatika,
wakaanguka pande zote mbili, na kila upande
ukashangilia ushindi.
Karisa wa Kombo, mbio za magunia,
alifika mstarini gunia likiwa kichwani.
Hakuna ajuaye vipi.
Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu,
akatuhutubia juu ya kutunza wakati.

Mimi nilikuwa na shairi.
Beti tano za Mwalimu Tsuma, nimezihifadhi
nikiosha vyombo, nikimenya viazi na mama,
kila ganda likianguka na silabi yake.

Shufaa alitangulia. Sauti ya Shufaa
hupita masikioni kama mafuta ya nazi kwenye nywele.
Kisha: "Mbeyu Charo!"
Kipaza sauti kikanikoromea. Nikaanza:

*Arubaini miaka, shule yetu imetimu,*
*Wangapi waliotoka, wakapewa taalimu,*

na hapo mstari wa tatu ukanitoka
kama kuku aliyeona kisu.
Nikatazama walimu, safu ya mbele,
miwani, makoti, kalamu mfukoni.
Nikatazama langoni, nje ya sherehe:
karai, moshi, kanga ya mama,
mama aliyeacha kukoroga rojo ili asikie.
Ulimi ukajiendea wenyewe:

*Na mama anayepika, viazi vya walimu...*

Kwanza kimya.
Halafu darasa la nane, wanaojua kila kitu,
wanaolijua daftari la mama lenye jalada la samawati
na majina yaliyoandikwa humo kwa penseli,
wakacheka. Kicheko kikatambaa hema zima.
Mwalimu wa Hesabu akainama kufunga kamba
za viatu visivyo na kamba.

Maalim Shebwana, jaji mkuu, hakucheka.
Alikuwa akihesabu juu ya meza,
kidole baada ya kidole: vi, a, zi, vya, wa, li, mu.
Saba. Kidole cha nane kikabaki kimesimama,
kikinishtaki.
"Sauti, njema. Ujasiri, upo.
Utao umepungua mizani moja."

Nikawa wa tatu. Shufaa akapewa kamusi,
wa pili mkebe wa jometri,
mimi beseni la plastiki, la kijani,
bei yake bado imebandikwa ubavuni.

Langoni nilikuja na msamaha mdomoni.
Mama alilichukua beseni, akalitia maji,
akaliinua juu ya kichwa, akalichungulia kwa chini.
"Halivuji," akasema.
Nikaumeza msamaha wangu.

Kisha walimu wakaanza kuja, mmoja mmoja,
kama watu wanaopita tu.
Mia na hamsini. Themanini. Mia mbili.
Mama alamba ncha ya penseli, akata jina.
Wa mwisho akawa Maalim Shebwana,
ambaye sikujua kuwa naye yumo.
Alihesabu sarafu kiganjani mwa mama, polepole,
kwa vidole vilevile,
akapapasa mfuko wa kanzu, akavua hata kofia.
"Mama Mbeyu," akasema, "zimepungua kumi."

Mama akanitazama.
Mimi nikatazama beseni.

Usiku, joto limekataa kutoka chumbani,
wadogo zangu wamelala kama samaki kwenye ubao,
nikaipata. *Vyao.*
*Viazi vyao walimu.*
Irabu moja tu, *o*, mviringo
kama mdomo wa lile beseni kando ya mlango,
ambalo mama ameshalijaza
viazi vya Jumatatu.