Kiraka cha Mistari Sita

Kisanduku nilikinunua Barabara ya Digo,
mia nane, bila waya, bila karatasi,
mgongoni limekwanguka jina la kampuni
iliyokufa ikazikwa huko ng'ambo.
Muuzaji aliapa: "Kizima hiki, dada."
Kizima kweli. Kiongo tu.

Nikakichomeka. Linux ikakiuliza: u nani wewe?
Kikajibu: mimi nakata sauti
vipande elfu arobaini na nane kwa sekunde.
Kumbe ni arobaini na nne na mia moja.
Basi baba yangu, Athman Lali,
dereva wa kreni Kilindini, mtu wa sauti ya pipa,
akatoka kwenye spika akilia kama kifaranga,
na baina ya neno na neno: ta. Ta-ta. Ta.

Kanda ni kumi na moja.
Baba hakuwa mtu wa kalamu.
Alimwandikia nduguye Maskati kwa mdomo,
upande wa kwanza salamu, upande wa pili madeni.
Ami alipofariki zikarudi ndani ya kopo la biskuti,
na utepe hausubiri mtu;
kwa joto hili la Guraya unaota ukungu
kama mkate wa juzi.

"Si ununue chengine?" asema mama.
Chengine ni elfu kumi na mbili, mama.
Kiraka ni bure.

Kiraka chenyewe ni mistari sita.
Chakiambia kiini cha mashine, kule ndani kabisa
kusiko dirisha wala picha:
akija mlangoni mwenye namba hii,
sikiliza anachokisema, usisikilize anavyojisifu.
Sita tu. Lakini ili kuishona hiyo sita
sharti ulifume upya shuka zima,
mamilioni ya mistari ya watu nisiowajua,
waliokesha kama mimi, kwao kwenye baridi.

Bando la usiku lilipofunguka nikaanza.
Kipakatalishi cha mtumba nimekikalisha
juu ya vifuniko vinne vya soda, kipate pumzi,
na feni nimekigeuzia chenyewe.
Jasho langu mimi lajua njia.
Majina ya faili yakapanda skrini kama siafu,
viendeshi vya vitu visivyowahi kufika mtaani petu,
usukani wa michezo, antena za theluji sijui za nini,
nilivyosahau kuvikataa.

Saa saba kasorobo stima ikapotea.
Betri: thelathini na moja kwa mia.
Nikawa nahesabu kama avutaye uradi,
ishirini na sita, kumi na nne, kumi,
ikarudi kwenye tisa,
na mtaa mzima ukasema "eeeh!", hata waliolala.

Kosa la kwanza: nuktamkato niliyoisahau.
Kosa la pili: diski imejaa. Nikafuta harusi ya binamu.
Samahani Mwanamkuu, nakala ninayo kwengine.
Nadhani.

Mwadhini alikuwa akikohoa kabla ya adhana
nilipozima, nikawasha.
Skrini nyeusi. Bado nyeusi.
Kisha lile neno nililolibandika mkiani mwa toleo,
athman, kwa herufi ndogo,
likapita juu mara moja, likenda zake.

Nikabonyeza. Kanda ikazunguka.
Sauti ya baba ikashuka, ikarudi tumboni mwake,
nzito, ina moshi wa sigara:
"Ndugu yangu, sisi huku twashukuru..."
Ta. Ta-ta. Ta.

Nikajenga upya mara mbili.
Nikabadili namba, nikabadili waya, nikamtukana mfu wa ng'ambo.
Siku ya tatu mama akapita na sinia la mchele
akasimama mlangoni, kidole kati ya chuya.

"Hicho si kibovu," akasema.
"Huyo Bwanaheri, muuza kahawa.
Hugonga vikombe vyake akifika konani petu.
Babako dirisha hafungi, n'shamwambia mpaka nimechoka."

Akaliweka sinia juu ya kitanda, akakaa.
"Hebu geuza huo upande wa madeni.
Nataka kusikia alimkopesha nani."