Zima Hicho Kwanza

Saa nne usiku, Kitangiri, umeme umerudi.
Nina mahojiano ishirini na moja ndani ya simu
na mwongozo unaosema: andika kila neno,
kikohozi nacho ukiandike.

Minza, mwanika dagaa wa Mwaloni,
anaanza na majibu ya wageni:
"Nashukuru. Huduma nzuri. Hakuna shida."
Hakuna shida mara tatu, nimezihesabu.
Kisha kimya, sekunde tisa,
na beseni linaburutwa kwenye saruji.
"Ila jana alimwita yule mama.
Mimi akaniita Minza,
kama wanavyoniita wateja."

Yule ni Nyabuso wa Mabatini juu,
mlango wa bluu, njia ya mawe
ambako hata pikipiki hukata tamaa.
Watoto kumi na mmoja, chumba kimoja, chandarua kimoja.
"Mia tano kwa siku, na uji ni wangu.
Asiye nayo huniletea dagaa.
Sasa niambie, mwanangu wa chuo,
kodi ya nyumba nitailipa kwa dagaa?"
Anacheka. Mwongozo unasema: andika, kicheko.
Hausemi ni cha aina gani.

Bwana Lukelesha wa ustawi wa jamii
alizitaja kanuni kama mtoto mbele ya mwalimu:
mita za mraba, matundu ya choo, cheti.
Halafu akainua kidole. "Zima hicho kwanza."
Nikazima.
Akavuta droo. Kufuli jipya,
bado lina karatasi ya bei.
"Nililinunua kwa ajili ya mlango wa bluu, mwezi wa pili.
Kila Jumatatu nalitia mfukoni, napanda.
Nawasikia wanahesabu kwa kuimba, saba wanairuka,
nashuka na kufuli langu."

Hili sina ruhusa nalo.
Naliandika huku, si kule.

Kule napanga mada, nazipaka rangi:
gharama kijani, imani njano, usimamizi bluu.
Chini ya sauti zote kuna mtoto analia,
dakika ya sita, tena ya kumi na nne.
Nimefundishwa kumwita kelele za nyuma.

Fomu ya ridhaa ya Minza ina dole gumba la wino,
na kando yake kidole kingine, kidogo,
ambacho hakuna aliyekiomba.
Kwa kanuni, fomu hiyo imeharibika.
Nimeitia kwenye bahasha pamoja na zenzake.